Wiki ya Kwanza ya Vuli: Banda Kwanza, Mbegu Baadaye

Mvua za vuli zikishaanza Magu, Misungwi au Sengerema mkoani Mwanza, kila mtu hukimbilia jembe. Mwenye kuku wa kienyeji aanze na banda. Kuku wasiofungiwa hufukua mstari mzima wa mahindi kabla jua halijawa kali, na mbegu bora ni ghali. Kazi hii inahitaji watu watatu, kwa ekari moja ya mahindi na matuta machache ya viazi vitamu.

Jumatatu hadi Jumatano: banda

Banda la mita 4 kwa 2.5 linatosha kuku 50, yaani watano kwa kila mita ya mraba. Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi tu. Kunyoosha pembe, pima kwa kamba mita 1.5 upande mmoja na mita 2 upande wa pili; mshazari ukitoa 2.5 kamili, pembe imekaa sawa.

Nguzo ni sita za mkaratusi: tatu za mbele mita 2.8, tatu za nyuma mita 2.3. Zote zizame sentimita 60. Paka oili chafu kuanzia kitako hadi shibiri moja juu ya ardhi, kwa sababu mchwa na uozo huanzia pale udongo unapokutana na hewa. Rudisha udongo kidogo kidogo ukishindilia na mawe, na mawe Mwanza ni mengi. Usijenge kwenye mbuga, yaani eneo la udongo mweusi. Udongo ule mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nguzo zitalala ndani ya msimu mmoja. Tafuta mwinuko wa luseni, yaani udongo wa kichanga.

Paa linachukua mabati saba ya geji 30, futi 10. Bati lipande jirani yake mkunjo mmoja na nusu. Msumari upigwe kwenye mgongo wa mkunjo, kamwe si bondeni ambako maji hupita. Ukuta wa tofali uishie sentimita 60, juu yake wavu.

Alhamisi: viazi

Matuta yaachane mita 1 na yakate mteremko, yasishuke nao. Kata marando ya sentimita 30 kutoka ncha za mmea wenye afya. Sehemu ya shina iliyokomaa mara nyingi imebeba mayai ya mdudu fukuzi, na ndiye atakayetoboa viazi unavyotegemea kwa michembe, yaani vipande vya viazi vilivyokaushwa. Rando lenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka ya njano litupe. Fukia theluthi mbili, nafasi sentimita 30.

Ijumaa na Jumamosi: mahindi

Usipande kwa mvua moja. Chimba kwa jembe; unyevu ufike sentimita 15 na udongo ukiufinya ushikane. Kwenye luseni subiri mvua ya pili, maana mchanga hukauka upesi na mbegu huota nusu kisha ikafa.

Nyosha kamba. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 60, mbegu mbili kila shimo. Ekari itakuwa na mashimo karibu 9,000. Andaa mbegu kilo 8 hadi 10 na mfuko mmoja wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50. Kipimo ni kizibo cha soda kimoja kwa shimo, karibu gramu 5.

Hapa ndipo wengi huharibu. Shimo liwe na kina cha sentimita 10. Tia mbolea, fukia hadi ibaki sentimita 5, ndipo uweke mbegu na kufunika. Mbegu ikikaa juu ya DAP huungua, na mkulima hubaki akilaumu duka la pembejeo. Ni vizuri mtu mmoja achimbe, wa pili atie mbolea na kufukia, wa tatu apande. Mbegu zilizopakwa dawa zilizobaki zifungwe mbali na watoto, na kuku wasipewe.

Siku ya saba hadi ya kumi pita kila mstari, rudishia palipo na pengo. Kuanzia wiki ya pili chungulia ndani ya moyo wa mche kila baada ya siku tatu. Ukiona vidirisha vyeupe kwenye majani na unga kama wa msumeno, kiwavijeshi vamizi ameshaingia. Piga dawa jioni, nozeli ielekee moyoni, maana akishakua na kujichimbia dawa haimfikii.