Springi na shokapu za Datsun 240Z ya kutembelea kila siku: tunavyochagua huku Tanga

Kabla hujanunua chochote, ingia chini ya gari na rula.

Hatua ya 1: Pima nafasi iliyobaki

240Z, gari dogo la michezo la Kijapani, ina miguu ya shokapu (shokapu na springi vikiwa pamoja) pande zote nne, mbele na nyuma. Tairi likipanda tuta, fimbo ya shokapu inazama kwenye bomba mpaka ikutane na mpira wa kuzuia. Umbali huo, gari likiwa limesimama kwa tairi zake, ndio mtaji wako. Vua gamba la vumbi, pima fimbo kuanzia nati kubwa ya bomba hadi chini ya mpira. Namba nne, moja kwa kila mguu. Mimi naandika ukutani kwa chaki.

Vijana hufika gereji wakisema, "Fundi, nataka ilale chini kama za Japani." Namuuliza: mdogo wangu, na matuta ya Muheza utayavukaje? Ukishusha milimita 40 umekula milimita 40 za mtaji huo. Zile 240Z zilizoshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki, 1971 kwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, tazama picha zake uone zilivyokaa juu.

Kwangu mwisho wa kushusha ni milimita 25. Ukizidisha, mikono ya chini, ile vyuma vinavyounga tairi na bodi, inaanza kunyanyuka upande wa tairi, na gari linalalia kona kuliko lilipokuwa na springi zake za kiwandani. Wengi hawanisadiki hilo mpaka wapande Lushoto kutokea Mombo.

Hatua ya 2: Jua springi uliyonayo

Springi za magari ya umri huu zimeshabadilishwa mara ngapi, hakuna anayekumbuka. Usiamini rangi wala maneno ya muuzaji. Itoe, isimamishe kwenye sakafu ya saruji, pitisha bomba katikati isije ikapinduka, weka ubao wenye tundu juu yake. Pima urefu. Pakia mfuko wa saruji wa kilo 50 (sisi inatengenezwa hapo Pongwe, haikosekani), halafu wa pili. Pima tena. Mifuko miwili ikiishusha milimita 67, gawanya 100 kwa 67: una springi ya kilo 1.5 kwa kila milimita. Huo ndio ulaini wa kiwandani kwa gari hili, nyuma ikizidi kidogo.

Usipotaka kubeba saruji, pima unene wa waya kwa kalipa. Ugumu unapanda kwa unene kuzidishwa wenyewe mara nne, kwa hiyo milimita moja si kitu kidogo. Springi mbili zenye upana mmoja na mizunguko sawa, moja ya waya wa milimita 11 na nyingine 12: ya pili ni ngumu zaidi kwa asilimia 41 hivi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Na kukata kwa grenda? Nimewahi, kwenye gari langu mwenyewe. Mizunguko saba ukitoa mmoja, springi inakuwa ngumu kwa kama asilimia 17, lakini nafasi imepungua kuliko ugumu ulioongezeka, na ncha iliyokatwa haikai sawa kwenye sahani yake. Nilikwenda Amani kwa barabara ya vumbi, nikarudi na shokapu mbili za mbele zinavuja.

Hatua ya 3: Chagua ugumu

Gari lina tani 1 na ushee. Toa tairi, ringi na breki, kila springi inabeba kama kilo 225. Gawanya kwa ugumu upate inavyolala:

- Kilo 1.5: inalala milimita 150, gari linacheza, yaani linapanda na kushuka, kama mara 77 kwa dakika. Laini, la kistaarabu.
- Kilo 2.2: milimita 102, mara 94. Kwa lami ya Segera na kona za milimani, hapa ndipo ninaposimama.
- Kilo 3.5: milimita 64, mara 118. Hiyo ni ya uwanja wa mashindano. Kiuno chako kitakuambia kabla hujafika Hale.

Nyuma ongeza kidogo kuliko mbele. Tairi za nyuma zinafika kwenye tuta zikiwa zimechelewa, basi lazima zicheze haraka zaidi ili gari litulie kwa pamoja, lisiendelee kuyumba kama ngalawa.

Hatua ya 4: Shokapu ifuate springi

Springi ngumu na shokapu iliyochoka, gari linadunda. Kinyume chake ndicho wengi hawakijui: shokapu kali mno na springi laini. Kwenye rasta, vile vituta vidogo vinavyofuatana barabarani, springi inabonyea, shokapu inaikataza kurudi, inakuja rasta ya pili, ya tatu, na gari linazidi kuzama mpaka linagonga mpira. Mwenye gari anadhani springi ni laini, ananunua ngumu zaidi.

Kama umeshusha, tafuta shokapu fupi na bomba lipunguzwe na mtu anayejua kuchomelea. Za bei ya kutupa ni kama msemo wetu wa Tanga: waja leo, waondoka leo.

Hatua ya 5: Kufunga

Klampu mbili kwenye springi, zikitazamana, kabla ya kugusa nati ya juu. Springi ikifyatuka inavunja taya.

Mwaga oili chakavu ya bomba, ingiza shokapu mpya, na ujazie oili safi kidogo pembeni yake. Inatoa joto kwenda kwenye bomba, na kwa chumvi ya bahari yetu inazuia kutu. Bolti za bushi za mikono zikaze mwisho, gari likiwa chini kwa tairi zake. Ukizikaza likiwa kwenye jeki, mpira unabaki umesokotwa na utachanika.

Hatua ya 6: Acha barabara iseme

Funga kile kikamba cha plastiki cha kufungia nyaya kwenye fimbo ya kila shokapu, kikae juu ya nati. Pakia abiria na mizigo kama kawaida yako, nenda Pangani urudi. Kikamba kitakuwa kimesukumwa juu. Kikibakiza milimita 15 kabla ya mpira, umepatia. Kikiwa kimegandamizwa kwenye mpira, rudi hatua ya 3. Kikiwa hakijafika nusu, springi zako ni ngumu bure.

Baada ya wiki mbili springi zitakuwa zimekaa. Pima tena zile namba nne za ukutani, ndipo uende kupiga alaimenti, kunyoosha tairi.