Draya ya nguo inazunguka ila haitoi joto? Pima kwanza kabla hujanunua thamostati

Draya ikiacha kupasha joto, watu wengi wanasema hapohapo thamostati (swichi inayokata hita joto likifika) imekufa, wanaagiza spea, wanafunga, inapiga kazi wiki mbili halafu tatizo lilelile linarudi. Mi mwenyewe nilipoanza hii kazi niliwahi kubadilisha thamostati mara mbili kwenye mashine moja, mara ya tatu ndo nikapata akili ya kuivuta mbele, nikakuta bomba la hewa huko nyuma limebanwa na ukuta limekuwa bapa kabisa. Thamostati ilikuwa inafanya kazi yake tu, inakata kwa sababu hewa haitoki, na kila ikikata na kurudi inazidi kuchoka.

Ujue kwanza kinachokaa ndani, maana vitu vitatu vinafanana na watu wanavichanganya. Kuna thamostati ya kawaida, hii iko kwenye njia ya hewa karibu na feni, ndo inawasha na kuzima hita, nyingi hukata kwenye digrii 60 mpaka 70 hivi. Kuna ya usalama, inakaa kwenye boksi la hita lenyewe, hiyo inasubiri mpaka mambo yaharibike, nyingi hukata juu ya digrii 100. Na kuna fyuzi ya joto, hii ikikata imekata, haijirudi, ni ya kutupa. Zile thamostati mbili ndani zina kisahani cha metali mbili zilizoshikana, moja inatanuka kuliko mwenzake, joto likifika kinabinuka ghafla unasikia tik na umeme unakatika. Ukikuta imeandikwa L155-25F usishtuke, hiyo ni Farenhaiti, yaani inakata kwenye 155 ambayo ni kama digrii 68 za Selsiasi, na inarudi ikipoa kwa 25, kwenye kama 54.

Sasa tuanze. Chomoa plagi. Sio kuzima kwenye kitufe, chomoa kabisa. Kama draya yako inatumia gesi, funga na valvu, na upande wa bana (pale gesi inapowaka) usiuguse, mwite fundi wa gesi. Zile za hitipampu, zinazopasha kwa kompresa kama ya friji, nazo ni mambo mengine, huu mwongozo hauzihusu.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, angalia hewa. Toa filta, safisha, halafu uimwagie maji kidogo: yakituama juu badala ya kupita, kuna utando wa ile dawa ya kulainisha nguo, isugue kwa sabuni na brashi. Kisha toa bomba la nyuma lote, litazame ndani, toa manyoya ya nguo yaliyojaa humo (utashangaa), hakikisha na kile kifuniko cha nje kinafunguka. Kama dalili yako ni kwamba inapasha dakika chache halafu inakuwa baridi muda mrefu, mara nyingi umeshamaliza kazi hapa na hujatumia hela. Kama haipashi kabisa, cheki pia breka, kuna mashine zinazopata umeme kwa laini mbili, laini moja ikikatika pipa linazunguka vizuri tu ila hita haiwaki.

Bado? Haya, fungua. Baadhi hufunguliwa nyuma, nyingine mbele, vaa glavu maana kingo za bati zinakata kama wembe, na PIGA PICHA nyaya kabla hujachomoa chochote, usijiamini eti utakumbuka.

Kupima ndo watu wanapokosea. Weka mita ya umeme (maltimita) kwenye ohm, yaani upande wa kupima ukinzani, ile ya chini kabisa, gusanisha ncha zenyewe kwanza uone inasoma ngapi. Halafu chomoa waya kwenye thamostati, shika kile kichwa cha bati kwa plaizi usivute waya wenyewe. Ukipima huku nyaya zote zimeshika mita inaweza kupitia njia nyingine ikakudanganya. Ikiwa baridi thamostati inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma OL, yaani njia ya umeme imekatika, imekufa. Fyuzi nayo vilevile. Ukikuta thamostati ina miguu minne, ile miwili mipana ndo swichi, miwili myembamba ni hita ndogo ya ndani, hiyo husoma maelfu ya ohm na ni kawaida yake, usiitupe.

Kusoma sifuri ikiwa baridi hakutoshi, inaweza kuwa imeganda, haikati tena, na hiyo ndo ya hatari, nguo zinatoka moto huwezi kushika. Ukiona hivyo acha kuitumia mpaka uitengeneze. Kuipima, ifunge thamostati kwenye mfuko wa plastiki usiovuja pamoja na ncha za mita, itumbukize kwenye maji ya digrii 80 hivi, inatakiwa ipige tik na isome OL, ikipoa irudi. Ya usalama usiihukumu kwa njia hii, nyingi zinakata kwenye 120 hivi na maji yanachemka kwenye 100.

Ukiwa hapohapo pima na hita. Ya wati 2,500 kwenye volti 230 ni kama ohm 21, ya wati 5,400 kwenye 240 ni kama ohm 11. Halafu pima kati ya hita na bodi, yaani bati la mashine, hapo pasisome kitu, maana waya wa hita ukigusa bodi kuna mashine zinaendelea kupasha hata thamostati ikikata, unabadilisha thamostati tano bure.

Kununua, tumia namba ya modeli ya mashine, sio umbo. Mbili zinafanana kama mapacha, moja inakata 68 nyingine juu kabisa. Ya usalama na fyuzi zikiuzwa pamoja, badilisha zote. Safisha pale inapokaa, uso wake wa bati ulale vizuri, kichwa cha waya kilicholegea au kilichoungua kikawa kahawia weka kipya, kikibaki hivyo kitachoma na spea mpya. Na ile tabia ya kuunga waya moja kwa moja ili mashine ifanye kazi "kwa muda", hapana bana, manyoya ya nguo yanawaka kama karatasi.

Funga bati zote, washa bila nguo, weka kipimajoto kwenye tundu la kutolea hewa, kaa nayo dakika 20. Joto linapanda, linafika 60 na kitu, linashuka, linapanda tena. Lisiposhuka, zima urudi kwenye hita na bodi. Likishuka vizuri, isukume ukutani polepole, chukua tochi, chungulia nyuma uone bomba halijabanwa.