Akaunti ya kadi ikifungwa katikati ya siizoni: namna ya kujipanga kabla haijakukuta

Naandikia watu wa kampuni ndogo za safari, gesti na vihoteli vya wageni, Arusha, Moshi, Karatu mpaka Zenji, ambao hela yao nyingi inaingia kwa kadi za Visa na Mastercard. Nimekaa kwenye uhasibu wa kampuni ya safari hapa Arusha miaka kadhaa, na nimeshaona akaunti ya kadi, yaani ile ya benki inayotuwezesha kupokea malipo ya kadi za wageni, inafungwa mwezi wa 7 magari yote yako porini, sitaki mwingine apitie ile wiki.

Ilikuwa jioni, mzee mmoja na mkewe wamefika, kesho yake saa 12 asubuhi wanatoka kwenda Tarangire, wamebakiza dola 2,340. Naingiza kadi ya kwanza imekataa, ya pili imekataa, nikajua ni mtandao basi nikatoka na mashine mpaka getini kutafuta network, bado. Kupiga benki dada wa huko ananiambia kwa upole kabisa, "Dada yangu, akaunti yenu imesimamishwa tangu mchana, mlitumiwa imeili." Imeili ilienda kwa meneja aliyekuwa ameshaacha kazi mwaka mzima. Na kumbe sio mashine tu, hata hela za wageni walioswaipu wiki ile, ambazo tulikuwa tunazitegemea kwa mafuta, lodge na viingilio, nazo zimezuiwa. Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Kushindwa kupokea hela mpya unaweza ukavumilia siku mbili tatu, ila kushikiwa zile ambazo umeshazipangia matumizi ndiyo kunaua kampuni.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, fanya leo: piga benki uliza imeili na namba ya simu walizonazo kwenye faili lenu ni za nani. Weka za watu wawili walioko kazini sasa hivi.

Kuhusu mtandao kukata sitakaa sana maana kila mtu ameshaonja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika intaneti ikawa shida Tanzania na nchi jirani, na hata Ulaya tarehe 1 Juni 2018 sistimu ya Visa iliyumba masaa kama 10 miamala milioni 5.2 ikagoma, basi usifikiri ni tatizo la kwetu tu. Kuwa na mashine mbili za benki mbili tofauti, kila moja laini ya mtandao wake, Lipa Namba iwe imebandikwa reception, na viingilio vya hifadhi vilipe mapema kwa kontroli namba kwa sababu getini hawapokei keshi.

Sasa kufungiwa. Mara nyingi chanzo ni chajibaki, yaani mteja anaenda kwenye benki yake kwao anasema huu muamala siutambui, au huduma sikupata, na benki yake inairudisha hela kutoka kwako. Wengi wetu tunadhani mgeni akishapanda ndege biashara imeisha. Haijaisha. Kwa kawaida mteja ana siku 120, na kwa huduma ambayo hakuipata zile siku zinahesabiwa kuanzia tarehe aliyotakiwa kuipata, sio tarehe aliyolipa, mwisho wake ni siku 540 tangu alipe. Mtu amelipa deposit mwezi wa 1 kwa safari ya mwezi wa 9, anaweza kukudai mpaka mwaka unaofuata. Mimi tangu nielewe hilo, hela ya kadi naihesabu kama amana ya mtu, sio mapato, mpaka safari iishe na ile miezi 4 ipite.

Halafu kuna hesabu ambayo inatuumiza sisi watu wa siizoni. Mastercard wanachukua idadi ya chajibaki za mwezi huu wanagawanya kwa miamala ya mwezi uliopita. Idadi, sio thamani. Sasa angalia, wageni wa kiangazi wanalalamika baadaye, malalamiko yanafika wakati wa masika ambapo mwezi uliotangulia umeswaipu kadi 20 tu, chajibaki 2 tayari ni asilimia 10. Programu yao ya kufuatilia wafanyabiashara inaanzia chajibaki 100 kwa mwezi pamoja na asilimia 1.5, kampuni ndogo haifiki huko, lakini benki yako ina kipimo chake na haisubiri ufike 100. Kwa hiyo mwezi wa 3 nenda kaonane na afisa wenu, mpe ratiba ya siizoni na orodha ya bukingi zilizoko mbele, ajue mapema kwamba miamala itashuka. Dakika 20 tu hizo.

Sisi tuliponzwa na picha za kadi za WhatsApp. Mtu alijiita wakala, ana kikundi cha watu 9, akatuma picha za kadi 4, mbele na nyuma, akasema kateni jumla yote halafu ile ziada mtumieni mtu wake wa usafiri kwa benki. Tukaziingiza kwa mkono kwenye mashine, zikakubali, tukatuma ziada. Kadi zote zilikuwa za wizi, wenye kadi wakalalamika, chajibaki 4 kwa mpigo, na ile ziada tuliyotuma imekwenda moja kwa moja. Kadi ukiiingiza namba kwa mkono hasara ya wizi ni yako. Tumia linki ya malipo yenye ile hatua ambapo benki ya mteja inamtaka athibitishe kwenye simu yake, hapo kama kadi ni ya wizi mzigo kwa kawaida unahamia kwa benki iliyotoa kadi. Na zile namba 3 za nyuma hairuhusiwi kuzihifadhi baada ya muamala kupita, popote pale, iwe daftari, simu au imeili, kwa hiyo kaa na vijana wa reservation mfute hizo picha zote. Mtu akikwambia kata zaidi umtumie mwingine, mkatae hata kama ni mwezi mkavu.

Na lingine ambalo naliona kila siku mjini: jirani wa duka la vinyago hana mashine, anakuja na mgeni wake, "naomba niswaipie hapo kwako nitakupa chako." Unamsaidia kwa roho safi. Kwa benki huo ni utakatishaji wa miamala, umepitisha biashara ya mtu mwingine kwenye akaunti yako, na wanafunga bila kukupa muda wa kujieleza. Mwambie jirani akaombe Lipa Namba yake.

Angalia pia jina linalotokea kwenye stetimenti ya mgeni. Kampuni imesajiliwa kwa jina la familia, tovuti ina jina la mlima, mgeni anaona jina asilolijua na dola 1,500 zimekatwa, lazima apige benki. Omba benki waweke jina la biashara, na kwenye risiti andika "malipo yatatokea kwa jina hili".

Kila bukingi iwe na folda yake: masharti ya kukanseli ambayo mgeni ameyasaini, invoisi, meseji mlizoandikiana, vocha za lodge, risiti za hifadhi zenye jina lake, na picha moja akiwa na mwongozaji wake wa safari kama ameridhia. Chajibaki ikija una siku chache za kujibu, Visa wanatoa 30 lakini benki yako itakupa pungufu ya hapo ili nayo ipate muda, ukianza kutafuta vocha siku hiyo umechelewa. Ila kama kweli mgeni ana haki, mrudishie mwenyewe haraka kabla hajaenda benki. Ukibishana ukashinda, chajibaki bado imehesabiwa.

Ikishatokea imefungwa, usikimbilie kufungua kampuni mpya. Benki ikikuondoa kwa kosa zito inakuingiza kwenye orodha ya Mastercard inayoitwa MATCH, ambako unakaa miaka 5, na wanaingia wenye kampuni kwa majina yao, kwa hiyo benki ya pili itakuona vilevile. Omba sababu kwa maandishi siku hiyohiyo, uliza kama mmeandikwa huko na namba ya sababu waliyoiandika ni ipi, uliza hela iliyozuiwa itatoka lini. Kama wamekosea, ni wao wenyewe waliokuandika ndio wa kukuondoa, hivyo ongea nao kwa adabu na karatasi mkononi. Wageni walioko njiani waandikie mapema, uwape akaunti ya benki ya dola kwa simu ukiongea nao, kwa sababu imeili ya ghafla ya kubadilisha akaunti inafanana kabisa na ya matapeli.

Mzee wetu wa Tarangire alitoa laki 4 kwa 4 kwenye ATM mpaka kadi ikagoma, iliyobaki akatuma kwa benki kutoka kwao, ikafika siku 4 baadaye yeye yuko Serengeti. Zile zilizozuiwa Julai tulizipata Januari, zikiwa zimekatwa chajibaki. Kwa miezi hiyo 6 bosi aliuza Land Cruiser moja ili madereva walipwe. Sasa hivi katika kila malipo ya kadi tunahamisha asilimia 10 kwenye akaunti nyingine ambayo hatuigusi mpaka siku 120 baada ya mgeni kuondoka, na mwezi wa 4 mwaka huu ndiyo iliyolipa mishahara.