Mtoto analalamika maumivu kila mara: pa kuanzia ukiwa Mwanza

Nunua daftari dogo leo. Maumivu yakija, andika tarehe, saa, mahali panapouma, homa kama ipo, na dawa uliyompa. "Anaumwa mwili" haimsaidii daktari. "Goti la kushoto, usiku, siku 3, macho ya njano" inamsaidia sana.

Kanda ya Ziwa, sikoseli (ugonjwa wa kurithi unaokunja seli nyekundu za damu) iulizwe mapema, hasa mifupa ikiuma kwa vipindi au mtoto mchanga akivimba viganja na nyayo. Kipimo cha haraka cha kuangalia seli zinavyojikunja hakitofautishi mgonjwa na aliyerithi kwa mzazi mmoja tu. Omba kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Kama aliongezewa damu ndani ya miezi 3, sema kabla hajatolewa sampuli. Damu ya mchangiaji huvuruga majibu.

Tumbo linamuuma na anaoga ziwani? Fikirieni kichocho. Choo kipimwe siku 2 au 3 tofauti, maana mayai ya minyoo ya kichocho hayaonekani kila siku.

Zahanati ikirudia dawa ya malaria bila kupima, omba rufaa kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Homa kali, kupumua kwa shida au kushindwa kukanyaga: mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usingoje barua ya rufaa.