Kiti cha kusikilizia muziki nyumbani: pima masikio kwanza, makalio baadaye

Kazi yangu ni kutengeneza redio na amplifaya hapa Tanga. Watu huniletea spika wakisema zimekufa, nikizipima nakuta nzima kabisa. Zamani nilikuwa nawarudishia na kuwaambia hazina ubaya. Siku hizi nauliza kwanza: ukisikiliza unakaa wapi, na unakalia nini? Swali hilo nimelipata kwa jasho, sebuleni kwa bamdogo wangu, mstaafu mwenye santuri nyingi kuliko viatu. Nimeandika haya baada ya kumaliza shughuli yake ya kutafuta kiti cha kusikilizia, maana watu watatu wameshaniuliza yaleyale.

Andaa futi kamba, kamba ya kawaida ya mita 3, chaki, blanketi moja na mtu wa kukushikia. Sipendi programu za simu za kupimia urefu. Futi kamba haiishiwi chaji.

Hatua ya 1: Tafuta mahali kabla ya kutafuta kiti

Sebule zetu zina desturi moja: makochi yote mgongo ukutani, katikati zulia na meza. Kwa wageni ni sawa. Kwa muziki hapo ndipo mahali pabaya, kwa sababu besi hujaa ukutani. Sebule ya bamdogo ina urefu wa mita 4.2 na kuta za tofali za saruji, na chumba cha urefu huo huvuma chenyewe karibu na hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Hiyo ndiyo noti ya uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi. Ukiegemea ukuta, noti hiyo inakuvimbia kichwani kila mpigaji anapoigusa. Ukikaa katikati kabisa ya chumba haipo, utadhani mpigaji katoka nje kuvuta sigara.

Kwa hiyo usiguse ukuta, na usikae nusu kwa nusu. Anza kwenye theluthi na ushee kutoka ukuta wa nyuma (kwa bamdogo ilikuwa mita 1.6), weka dansi lenye besi inayotembea, halafu sogea mbele na nyuma kidogo kidogo mpaka noti zote zilingane nguvu. Kama kiti kitaziba njia ya jikoni, jipatie hata sm 70 kutoka ukutani. Mwenye jiko atasema lake, mkae mzungumze.

Hatua ya 2: Pima urefu wa masikio

Kaa, nyayo zote chini, mtu apime kutoka sakafuni hadi tundu la sikio. Kisha kutoka sakafuni hadi katikati ya twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Vipimo viwili hivyo vikaribiane. Sm 5 si kitu. Andika.

Hatua ya 3: Mgongo wa kiti (soma hii hata kama zingine unaruka)

Bamdogo alinunua kiti kikubwa cha ngozi bandia, cheusi, kinang'aa, mgongo wake mrefu umepita kichwa na una mbawa mbili pembeni. Kiti cha mkurugenzi hasa. Wiki moja baadaye akanipigia simu: "Mwanangu, njoo. Santuri zangu za taarabu za Black Star zimeharibika, waimbaji wote wana mafua."

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Nikasikiliza nimekaa kwenye kiti chake na kweli, sauti ilikuwa ya puani, kama mtu anaimba ndani ya mtungi. Nikasafisha sindano. Bado. Nikabadilisha sindano. Bado. Nikafungua amplifaya, nikapulizia volyumu dawa, nikarudia kulehemu waya mbili ambazo hazikuwa na kosa lolote. Nikabadilisha nyaya za spika. Nikasogeza spika ndani, nje, nikazigeuza uso, nikazirudisha. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Bamdogo akawa ananitazama kama fundi wa kuokota.

Jioni umeme ukakatika. Bamdogo akakivuta kiti chake mlangoni apate upepo, akasinzia. Umeme uliporudi santuri ikaanza kuzunguka yenyewe, nami nikavuta kiti cha plastiki kutoka barazani, nikakaa palepale kilipokuwa kiti chake. Mwimbaji akatoka mtungini. Akasimama katikati ya spika mbili, kinywa wazi, kila herufi inasikika.

Bamdogo akaamka: "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, bamdogo. Nimekaa tu."

Sababu yenyewe ni hii. Sauti ya spika inakufikia sikioni, lakini sehemu yake inapita, inagonga mgongo wa kiti nyuma ya kichwa, inarudi sikioni imechelewa kidogo. Mgongo ukiwa sm 10 nyuma ya sikio, ile inayorudi imesafiri sm 20 za ziada. Kwenye noti zilizo karibu na hezi 860, sm 20 ni nusu ya wimbi, kwa hiyo inayokwenda na inayorudi zinauana. Juu zaidi, karibu na hezi 2,600, zinauana tena. Huko ndiko inakokaa sauti ya binadamu, ndiko iliko na violini ya taarabu. Ngozi inayong'aa inarudisha sauti vizuri mno, na mbawa za pembeni zinaongeza marejesho mengine kutoka kushoto na kulia. Hakuna amplifaya itakayotibu hilo.

Namna ya kujua kama kiti chako kina ugonjwa huu: weka wimbo wenye mwimbaji mmoja na vyombo vichache. Egemea kama kawaida, sikiliza ubeti mmoja. Kisha inama mbele sm 30 hivi, sikiliza ubeti unaofuata. Sauti ikifunguka ukiinama, mhalifu ni mgongo wa kiti. Ikibaki vilevile, tafuta kosa kwingine. Usinionee haya, mimi nililipa Jumamosi nzima kujua jambo la dakika mbili.

Sasa masharti, maana hapa ndipo watu hunirudia na maswali.

Blanketi lililokunjwa mara nne likitupiwa juu ya mgongo wa kiti linapunguza tatizo sana. Kanga haisaidii, ni nyepesi, sauti inapita inagonga ngozi inarudi. Mke wa bamdogo alijaribu kile kitambaa cha kufuma cha mapambo ya makochi, nacho ni matundu matupu. Taulo nene linafaa kwa kujaribia, lakini mwili ukitoka jasho linanuka.

Mgongo wa mbao tupu nao unarudisha sauti, hata kama ni mninga wa kuchonga wa bei mbaya. Kinachotakiwa ni mgongo unaoishia chini ya masikio, kwenye mabega au shingo. Wenye mgongo wa mbao nyembamba zenye nafasi kati yake nao wana unafuu, kwa kuwa sehemu ya sauti inapita moja kwa moja.

"Lakini shingo yangu inauma, nahitaji pa kulaza kichwa." Sawa. Shona kamto kadogo, kembamba, kakae kwenye kisogo chini ya masikio, kishikwe na utepe kwa nyuma. Kichwa kinapumzika na masikio yanabaki wazi. Wenye shingo ndefu wana bahati hapa. Wafupi mjihadhari: mgongo "mfupi" wa dukani unaweza ukawa mrefu kwako. Ndiyo maana nikasema kwenye hatua ya 2 uandike kipimo. Toa urefu wa kiti ukiwa umekikalia, na utapata mgongo usizidi sm ngapi. Masikio ya bamdogo yako sm 104 kutoka chini, kiti chake kipya kinazama hadi sm 40, kwa hiyo mgongo tuliuwekea mwisho wa sm 55. Zinabaki sm 9 wazi chini ya sikio.

Vile viti vya kulalia nyuma, vinavyonyanyua miguu, sivipendi kwa kazi hii. Ukilala masikio yanashuka, uso unatazama dari, na twita zinakupiga kidevuni. Ni vizuri kwa kutazama mpira na kukoroma. Kiti cha bembea ndiyo kabisa usinitajie: kila ukibembea umbali wa masikio na spika unabadilika, na mwimbaji anayumba kama yuko kwenye ngalawa.

Hatua ya 4: Vipimo vya kukalia

Mafundi wengi wa makochi watakutengenezea kina cha sm 60 kwa sababu ndicho wanachozoea. Kataa. Kutoka ukingo wa mbele hadi mgongo, sm 45 hadi 48 zinawatosha watu wengi. Ukikaa umeegemea vizuri, vidole vitatu vipite kati ya ukingo na nyuma ya goti. Kina kikizidi unateleza mbele, mgongo unapinda, baada ya nyimbo tatu unatafuta mto.

Urefu wa kukalia uwe sm 40 hadi 43 sponji ikiwa imebonyea, mgongo ulale nyuma kidogo, nyuzi 100 hadi 110 hivi. Mikono ya kiti iwe mahali viwiko vinapoangukia bila kunyanyua mabega.

Sponji ndiyo inayodanganya. Dukani laini linakubembeleza, miezi sita baadaye umekalia ubao na masikio yameshuka yameiacha twita juu. Mwambie fundi aweke gumu chini na laini jembamba juu, na uibonyeze kwa goti kabla hajafunika. Akikataa usione kilicho ndani, hamia kwa fundi mwingine.

Hatua ya 5: Mbao, kitambaa na kelele

Kwa joto letu la pwani ngozi bandia inagandana na mgongo, na ukijisogeza inalia. Kitambaa cha pamba nene ni bora. Mimi ningechagua kiti cha kusukwa kwa kamba au ukindu chenye mto wa kukalia tu, kwa vile kinapitisha hewa, na sauti nayo inapita kwenye matundu. Bamdogo hakutaka. Alisema ukindu ni wa barazani.

Mbao tulitumia mtiki, ambao hapa kwetu haupatikani kwa shida kwa kuwa shamba la Longuza liko Muheza tu. Mninga ni mzuri sawa. Mpaini laini wa bei rahisi utakuja kulia kwenye maungio. Sisitiza ulimi wa ubao mmoja uingie kwenye tundu la mwingine na gundi, si misumari mitupu. Kisha kijaribu kiti: kaa, jitikise kushoto na kulia, nyanyuka, kaa tena, chumba kikiwa kimya. Kikilia mara moja dukani, nyumbani kitalia katikati ya wimbo unaoupenda.

Hatua ya 6: Kaa upande mzima wa santuri

Kabla ya kulipa, kikalie kama dakika 20, muda wa upande mmoja wa santuri kubwa. Usipitie kukaa na kunyanyuka kama wanaonunua viti vya harusi. Muuzaji akikuangalia vibaya, mwambie unasubiri mtu.

Hatua ya 7: Kiweke

Funga kamba kwenye spika moja hadi nyingine, ukate urefu huo. Tumia kamba hiyohiyo kutoka kila spika hadi mahali kichwa kitakapokuwa. Zikikutana, una pembetatu yenye pande sawa, na hapo ndipo pa kuanzia. Kama pembetatu inakurudisha ukutani, sogeza spika ziwe karibu zaidi. Kiti kibaki ulipokipata kwenye hatua ya 1.

Kwa kuhakikisha, tumia wimbo wa mono, yaani ambao spika zote mbili zinatoa sauti ileile. Rekodi za kale, kama zile alizofanya Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, ni za mono, na ukizipiga kwenye spika mbili mwimbaji anapaswa kusimama katikati kabisa. Akivutwa kushoto, sogeza kiti kulia sm 2 au 3, usikilize tena. Usiguse kitufe cha balansi, kile cha kugawa sauti kushoto na kulia, kabla ya hapo.

Akishakaa sawa, zungushia miguu ya kiti alama za chaki. Chaki ya bamdogo ilidumu siku moja, mpaka pale sakafu ilipopigwa deki. Kwa sasa kuna nukta nne za rangi ya kucha, nyekundu, na mwenye rangi hiyo anaidai chupa yake mpaka leo.