Kumruhusu Mtumiaji Mwingine Kutumia Skrini Yako ya X katika Linux

Seva ya X, yaani programu inayochora madirisha kwenye skrini na kupokea kibodi na kipanya, ambayo toleo lake la 11 lilitoka mwaka 1987, hukagua mlangoni tu. Programu ikishapokelewa inaweza kusoma kila kinachobonyezwa kwenye kibodi, yakiwemo manenosiri unayoandika katika programu nyingine, na inaweza pia kupiga picha ya skrini nzima.

Tuseme umeingia kwa jina la asha, nawe unataka programu ya mtumiaji juma, aliye kwenye kompyuta hiyo hiyo, ionekane katika skrini yako. Seva itaikataa kwa ujumbe wa `cannot open display`, na wengi watakushauri uandike `xhost +`. Usikubali, kwa kuwa amri hiyo huondoa ukaguzi kwa watu wote. Mtaje mhusika peke yake:

`xhost +SI:localuser:juma`

Kisha endesha programu yake, kwa mfano saa ndogo ya majaribio (`DISPLAY` huiambia programu itumie skrini ipi):

`sudo -u juma env DISPLAY=$DISPLAY xclock`

Kazi ikiisha, rudia amri ile ya kumtaja juma ukiweka alama ya kutoa badala ya kujumlisha, yaani `xhost -SI:localuser:juma`. Madirisha ambayo juma amekwisha kuyafungua hayatafungwa, yafunge mwenyewe. Ukiandika `xhost` peke yake utaona orodha ya walioruhusiwa, na ukikuta maneno `access control disabled`, rudisha ukaguzi mara moja kwa `xhost -`, ukikumbuka kwamba majina yaliyomo katika orodha hubaki mpaka uyafute moja moja.

Njia ya pili ni kuki, yaani namba ya siri ya biti 128 ambayo programu huionyesha seva ili ipokelewe, inayohifadhiwa katika faili ambalo njia yake huwekwa katika `$XAUTHORITY`, au `~/.Xauthority` ikiwa hakuna kilichowekwa. Amri ya `xauth list` huionyesha. Mimi siipendi kwa kazi ya kuazimana skrini, maana aliyeinakili huwezi kumnyang'anya yeye peke yake.

Kwa kompyuta ya mbali tumia `ssh -X`, ambayo hupanga `DISPLAY` na kuki yenyewe. Usibadilishe `DISPLAY` hiyo kwa mkono.

Kabla ya yote hayo, andika `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Ukijibiwa `wayland`, yaani mfumo mpya wa skrini unaochukua nafasi ya X, amri za `xhost` zitagusa tu programu zinazopitia Xwayland, seva ya X inayoendeshwa ndani ya mfumo huo.