Namna ya Kulinda Ujuzi wa Mafundi Pale Mitambo Inapoanza Kujitambua Hitilafu

Kabla programu mpya ya kugundua hitilafu haijawashwa, orodhesha kila kazi itakayoichukua, na mbele ya kila kazi uandike majina ya watu wanaoweza kuifanya bila programu hiyo. Palipo na jina moja tu, anzia hapo, maana mtu huyo akistaafu au akipunguzwa kazini hatabaki wa kuwafundisha wengine.

Linalofuata ndilo zito kuliko yote: jibu la fundi litangulie jibu la mashine. Chukua mfano wa pampu inayonguruma isivyo kawaida. Fundi, mikono na nguo zake zikiwa mbali na shafti inayozunguka, aweke ncha ya bisibisi ndefu kwenye kasha la beringi (kifaa kinachoishikilia shafti izunguke kwa wepesi), auegemeze mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, na asikilize kama sauti inakwaruza mithili ya mchanga unaosagwa au ni mlio laini usiobadilika. Aandike anachodhani kimeharibika na sababu zake, ndipo afungue skrini na kusoma vipimo vya mtetemo. Majibu yakitofautiana, msiharakishe kuyapatanisha. Fungueni beringi mwone nani alikuwa sahihi, kwa kuwa hapo ndipo fundi hujifunza. Anayeanza na skrini huona kile alichokwisha kuambiwa.

Hofu hii ya kupoteza ujuzi si ya mafundi wa mitambo peke yao. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti kutoka Poland kuhusu madaktari waliozoea kuonyeshwa vivimbe vya utumbo mpana na akili unde. Kabla ya kuizoea walikuwa wakigundua vivimbe hivyo katika asilimia 28.4 ya uchunguzi. Baadaye, walipochunguza bila msaada wake, kiwango kilikuwa asilimia 22.4. Hao ni watu wenye uzoefu mkubwa, na jambo hilo linanisikitisha kwa dhati.

Kazi ya mkono, basi, iingizwe kwenye ratiba, isiachwe kwa hiari ya mtu mwenye shughuli nyingi. Januari 2013 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilizihimiza kampuni za ndege ziwape marubani nafasi zaidi za kurusha ndege kwa mkono, na karakana inaweza kufanya vivyo hivyo kwa kutenga zamu moja kila mwezi ambapo hitilafu zisizo za dharura hutafutwa bila programu.

Wanagenzi wapewe kipaumbele katika zamu hiyo. Hitilafu ndogondogo, ambazo programu huzichukua mwanzo kabisa, ndizo zilizowalea mafundi wote tunaowategemea leo. Mwanagenzi asiyezipitia hawezi kudaiwa aokoe mtambo siku programu itakaposhindwa.

Kuhusu ajira, zungumzeni na mwajiri kabla ya kufunga programu, si baada yake. Dai kwamba utambuzi wa hitilafu ubaki kwenye maelezo ya kazi ya fundi kwa maandishi, kwa sababu cheo kikishageuzwa kuwa cha mwangalizi wa skrini, mshahara nao hushushwa kwa hoja kwamba kazi imekuwa nyepesi. Tunzeni pia daftari la makosa ya programu: tarehe, ilisema nini, fundi alikuta nini, na mtambo ulisimama kwa saa ngapi. Nendeni nalo kwenye kikao hicho na kila kitakachofuata.